Kichwa Mezani, Mwili Bandani

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na gari la Babu limekufa leo hiyo hiyo, kwa hiyo nimeona ni siku inayofaa kuanza kuandika. Shule nimemaliza, matokeo bado. Kila anayenikuta ananiuliza, "Sasa utafanya nini?" nami hutazama viatu vyangu kana kwamba jibu nimeliweka humo.

Gari limefia kwenye kona ya duka la mkate. Baba Mkubwa alikuwa anaendesha, Baba yuko pembeni yake, Bibi na mimi nyuma. Kwanza mshale wa joto ulipanda. Kisha boneti ikaanza kufuka mvuke kama sufuria iliyosahaulika jikoni, na nyuma yetu moshi mweupe ukaifunika barabara nzima.

"Si kitu," Baba Mkubwa alisema.

"Si kitu kweli," Baba akajibu. "Hata hao wanaotupigia honi siwaoni."

Bibi alifungua mkoba wake, akatoa mwavuli, akashuka na kurudi nyumbani kwa miguu. Sisi tulisukuma. Mimi nilisukuma huku nimejifunika uso kwa mtandio ili watu wasinijue. Wote walinijua.

Jumatano, 6 Machi

Baba Mkubwa amechomoa kijiti cha kupimia oili. Oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Maana yake maji yameingia kwenye oili, na maana ya hiyo ni kwamba gasketi ya kichwa imeungua.

Naandika nilivyoelewa. Injini ya gari hili ina mwili wa chuma wenye silinda nne, yaani matundu manne makubwa ambamo pistoni hupanda na kushuka. Juu yake hukaa kichwa, nacho ni chuma kizito kinachofunika silinda zote. Kati ya kichwa na mwili hulazwa bamba jembamba lenye matundu, nalo ndilo gasketi. Kazi yake ni kuzuia moto, maji na oili visijuane. Sasa vimejuana.

Baba ni fundi wa kushona nguo. Baba Mkubwa, kaka yake, ni dereva mstaafu wa malori, kwa hiyo anajua kila kitu. Gari waliachiwa wote wawili na Babu, na tangu hapo hawajakubaliana hata kuhusu kiasi cha upepo wa matairi.

Mimi sina neno. Ila kiti cha nyuma cha gari lile ndipo mahali pangu. Nilisomea humo mitihani yote, vioo vimepandishwa, na hakuna aliyewahi kunifuata kuniuliza nitafanya nini.

Jumamosi, 9 Machi

Wameng'oa kichwa. Banda linavuja, kwa hiyo Baba Mkubwa amesema kichwa hakiwezi kulala kwenye unyevu. Wamekibeba wawili, wakapita nacho sebuleni kama wanaobeba jeneza la mtu mfupi, wakakilaza juu ya meza ya kulia chakula. Mama alikuwa jikoni. Alipotoka aliwatazama, akakitazama kichwa, akaenda kuleta kitambaa cha meza, akakifunika.

"Kikiondoka hapa," alisema, "kiondoke na meza. Mimi kwenye meza yenye harufu ya oili sili."

Mwili wa injini umebaki bandani, silinda wazi, matone yanadondoka. Hakuna aliyeufikiria. Nilichukua vifuniko vya makopo ya maziwa ya mdogo wangu, yule mchanga, nikajaribu kuzifunika silinda navyo. Vimeingia kwenye midomo ya silinda vizuri sana, vimekaa kama vimezaliwa hapo. Nikatandaza turubai juu.

Gasketi ya zamani imeungua ukingo wa ndani wa kila tundu la silinda, nyeusi kama mkate uliosahaulika. Baba Mkubwa amesema iwekwe vizuri, ndiyo sampuli.

Jumapili, 10 Machi

Mama ameikuta sampuli akaifanya kigoda cha kuwekea sufuria.

Ijumaa, 15 Machi

Vita vimeanza. Baba anataka gasketi ya shaba. Baba Mkubwa anataka ya karatasi ngumu iliyobanwa.

"Shaba haiungui," Baba anasema. "Unaipasha moto mpaka iwe nyekundu, unaiacha ipoe, inakuwa laini kama kitambaa. Ukiifungua mwakani unaitumia tena."

"Wewe unataka kushona gari suti?" Baba Mkubwa anamjibu. "Shaba inataka kichwa kilichonyooka kama kioo. Karatasi inabanwa, inajaza mabonde. Kiwandani waliweka karatasi. Wewe na watu wa kiwandani nani anajua?"

"Karatasi ndiyo hiyo hapo chini ya sufuria, imeungua. Aliiweka nani mwaka juzi? Mimi?"

Hapo Baba Mkubwa alichukua rula ya chuma, akailaza juu ya kichwa, akainama kuangalia kama mwanga unapita chini yake. Baba naye akainama upande wa pili. Wakawa wanatazamana kupitia uwazi wa chini ya rula, kila mmoja anasema anachokiona, na Mama akawa anapakua wali katikati yao.

Jumapili, 17 Machi

Bibi amepiga marufuku neno gasketi wakati wa kula. Sasa wanasema "kile kitu". Ugomvi ni ule ule.

Leo pia amekuja Sumaku na mkokoteni wake. Ni mnunuzi wa vyuma chakavu, mtu mpole kupita kiasi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Hodi wenyewe. Nimekuja kumjulia hali mgonjwa."

"Mgonjwa anaendelea," Baba alisema kwa ukali.

"Tumshukuru Mungu. Mimi sina haraka."

Bibi akamkaribisha chai. Kisha, mbele yake, akatamka hukumu: "Wanangu, baba yenu hakuwaachia gari mligombanie kama paka. Masika yakiisha halijawaka, Sumaku alichukue. Likiwaka, mnipeleke kwa dada yangu kule mlimani, nikamwonyeshe kwamba bado napanda langu."

Sumaku akamaliza chai, akasema, "Nitakuwa napita." Akanigeukia. "Wewe dada hujambo?" Nikatikisa kichwa tu. Sijui kama nilitikisa kukubali au kukataa.

Jumamosi, 23 Machi

Nimetumwa duka la spea kuuliza gasketi. Naandika yote ili nisirudie.

Mwenye duka ni mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kaunta ilijaa wanaume wenye sauti. Kila nilipofungua mdomo, mwingine alipita mbele yangu. Mwishowe yule mama akaniona, akauliza, "Na wewe binti, unataka nini?" Duka zima likanyamaza. Maneno yote yakanikimbia. Nikasema kitu cha kwanza nilichokiona nyuma yake.

Nimerudi nyumbani na balbu.

Baba aliigeuza mkononi. "Haya," alisema, "angalau tutaona vizuri tunavyogombana."

Jumapili, 24 Machi

Mvua. Nimekaa kwenye kiti cha nyuma, bandani. Nimeona haya mpaka nikiwa peke yangu.

Jumatatu, 1 Aprili

Gasketi zimefika, na si moja. Baba amepata ya shaba kupitia mteja anayemshonea makoti. Baba Mkubwa amepata ya karatasi kupitia rafiki yake wa zamani wa malori. Kila mmoja aliificha ya kwake mpaka alipoiona ya mwenzake.

Waliitoa sampuli chini ya sufuria, wakaifuta mchuzi, wakazipanga zote tatu. Zinalingana. Wakazilaza juu ya kichwa moja moja, bolti zinaingia, matundu ya maji yanakutana. Baba akasema, "Umeona?" Baba Mkubwa akasema, "Umeona wewe?" Sijui nani alikuwa anaona nini, lakini wote walifurahi.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua kutwa. Mdogo wangu ameota jino.

Jumamosi, 13 Aprili

Leo limetokea jambo nami sijui la kufanya.

Nilikuwa sebuleni nikimwangalia mdogo wangu. Alishika kifuniko kimoja cha kopo kilichobaki, na kwa kuwa siku hizi anapenda kutumbukiza kitu ndani ya kitu, akawa anakisukuma kwenye tundu la gasketi ya Baba Mkubwa iliyokuwa kwenye zulia. Hakikupita. Akasukuma, akapiga, akaanza kulia. Nikampa ya shaba acheze nayo. Hakikupita vilevile. Akalia zaidi.

Nikawa nambembeleza, "Hakipiti, mpenzi, hakipiti," mara nikasikia nilichokuwa nasema.

Vifuniko vile vile vimeingia kwenye silinda kule bandani. Vinaingia ndani kabisa. Kwa hiyo silinda ni pana kuliko tundu la gasketi. Nilikimbia na futikamba ya Baba, nikafunua turubai, nikapima, nikarudi nikapima gasketi. Ni kweli. Gasketi ikilazwa, ukingo wake utachungulia ndani ya silinda kote kote, palepale penye moto. Lazima utaungua. Ndivyo ilivyoungua ile ya sufuria! Imelingana na mpya kwa sababu yenyewe ilikuwa na kosa hilo hilo.

Watu wazima wawili wamebishana mwezi mzima kati ya shaba na karatasi, na zote mbili ni ndogo. Walipimia kichwani kwa sababu kichwa kilikuwa mezani, pakavu. Mwili ulikuwa bandani, kwenye mvua.

Sasa ni lazima mtu awaambie. Nimetafuta mtu mwingine wa kuwaambia. Hayupo.

Jumapili, 14 Aprili

Nimejaribu asubuhi. Nilisema, "Baba." Akasema, "Sukari iko hapo."

Jumanne, 16 Aprili

Nimejaribu dukani kwa Baba. Alikuwa na pini mdomoni na mteja mbele yake. Nikasubiri pini ziishe. Pini za fundi nguo haziishi.

Jumatano, 17 Aprili

Nimejaribu kwa Baba Mkubwa. Nilisema, "Baba Mkubwa, kuhusu gasketi..." Akasema, "Ah! Kaa hapa." Akanisimulia habari ya lori lililoungua gasketi kwenye mteremko likiwa limebeba mbuzi, na jinsi mbuzi walivyoshuka wakaanza kwenda sokoni wenyewe. Ni hadithi nzuri. Ilipoisha tulikuwa tumechelewa chakula.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimemwambia Sumaku. Sikukusudia. Alikuja kumjulia hali mgonjwa, akanikuta bandani peke yangu, akauliza, "Mbona una uso wa msiba?" kisha akanyamaza akasubiri. Watu wa nyumbani kwetu hawasubiri. Maneno yote yakatoka.

Alicheka mpaka akashika mkokoteni. Kisha akawa mkweli kabisa. "Dada, mimi ukiniambia hivyo unaniharibia riziki. Wakiifunga hiyo, gari ni langu. Siwezi kuwaambia mimi. Lakini wewe unasubiri nini?"

Nikasema naogopa.

"Unaogopa nini? Wakikukemea?"

Nilifikiri sana. "Naogopa watanisikiliza," nikasema, "halafu nikosee."

Sumaku alivaa kofia yake. "Basi ukikosea, nitalichukua kwa upole."

Jumamosi, 20 Aprili

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kufunga kichwa. Mvua ilikatika asubuhi, kwa hiyo walitaka kuiwahi. Bibi aliamua ianze gasketi ya Baba Mkubwa kwa kuwa ndiye mkubwa. Aliletewa kiti mlangoni mwa banda ili awe shahidi.

Niliambiwa nitoe turubai na vifuniko. Nikatoa turubai. Nikatoa vifuniko, nikavishika mkononi. Baba Mkubwa akailaza gasketi juu ya mwili wa injini, akaipapasa kwa kiganja kama anayelaza mtoto, bila hata kuangalia ndani ya matundu. Halafu yeye na Baba wakaingia sebuleni, wakatoka na kichwa mikononi, kila mmoja upande wake, wakihema.

"Haya, taratibu. Shusha."

Hapo nikaweka kifuniko cha kopo juu ya tundu la kwanza.

Wakasimama na kichwa hewani.

"Mama, toa hicho kidude," Baba Mkubwa aliniambia.

"Hakipiti," nikasema.

"Nini hakipiti?"

"Kifuniko. Kwenye silinda kinaingia. Kwenye gasketi hakipiti."

"Mwanangu," Baba alisema, "kitu hiki ni kizito."

"Najua, Baba. Naomba nieleze."

Na kwa kuwa hawakuwa na mahali pa kukitua, na hawakuweza kuondoka, wala kushika sukari, wala pini, wala kuanza hadithi ya mbuzi, wakanisikiliza. Sijawahi kusikilizwa kwa makini kiasi kile. Nikaeleza kuanzia mwanzo, maana sijui kueleza kuanzia katikati. Nikaeleza habari ya makopo, na matone, na jino la mdogo wangu.

"Fupisha, mama, fupisha!" Baba Mkubwa alisema. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka.

"Nafupisha. Zote mbili ni ndogo. Ya shaba na ya karatasi. Hata ile ya sufuria. Zinalingana na kichwa lakini hazilingani na mwili."

Kutoka kwenye kiti, Bibi akasema kwa utulivu, "Ni kweli. Marehemu alizipanua hizo silinda. Alilipeleka kwa mafundi chuma mwaka niliomzaa huyu fundi nguo. Lilirudi na nguvu za ajabu, tukawa tunayapita mabasi mlimani."

Wanawe wakageuza shingo kwa pamoja. "Mama! Mbona hukusema?"

"Mliniuliza lini? Mlikuwa mnaulizana nyinyi na mnajibishana nyinyi. Mimi na huyu mjukuu wangu, mke mwenzangu, tulikuwa tunakula tu."

"Tunaweza," Baba aliuliza kwa sauti ndogo, "kukitua hiki kichwa kwanza?"

Wakakirudisha mezani. Baba alirudi na futikamba yake, akapima mwenyewe silinda, akapima gasketi, akapima tena. Nilidhani atamcheka kaka yake, kwa kuwa ile ya mwaka juzi aliifunga kaka yake. Hakucheka. Aliikunja futikamba akaivaa shingoni.

"Napima watu kutwa nzima," alisema, "na hili sikulipima hata mara moja."

Baba Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha nyuma, mlango wazi, miguu nje. Nilizoea kumwona mkubwa, na leo nimeona tu kwamba ana mvi masikioni na magoti yanamuuma.

"Niliinunua kwa jina la gari," alisema. "Nilisema gari fulani, wakanipa. Nilidhani nalijua." Kisha akanitazama. "Utakwenda wewe dukani. Wewe ndiye unayejua tunachotaka."

Nikaenda kukiosha kifuniko cha kopo.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimekwenda. Nilishika kifuniko cha kopo mbele ya kifua kama kitambulisho. Wanaume walewale, sauti zilezile. Mama wa spea akaniona juu ya miwani.

"Balbu tena?"

Walicheka. Nami nikacheka, sijui kwa nini, na kicheko kikafungua mlango. Nikasema, "Nataka gasketi ya kichwa, ya silinda iliyopanuliwa. Tundu lipitishe hiki." Nikaweka kifuniko kaunta.

Mama wa spea hakucheka tena. Alikizungusha, akakipima, akasema, "Sasa huyu ndiye mteja. Hawa wengine wanakuja kuniambia rangi ya gari." Akapanda ngazi mpaka kwenye msumari wa juu kabisa, akashusha kitu kilichojaa vumbi, akakifuta kwa kanga yake. Kifuniko kikapita, kikaanguka upande wa pili kwa mlio mzuri.

Ina bamba la shaba juu, bamba la shaba chini, na katikati imejazwa kitu laini kinachobanwa. Niliitazama nikajua kitakachotokea nyumbani.

Kimetokea.

"Shaba!" Baba alisema. "Sikusema?"

"Katikati laini, inajaza mabonde," Baba Mkubwa alisema. "Tangu mwanzo nilisema nini?"

Jumamosi, 27 Aprili

Safari hii gasketi imelazwa juu ya mwili kwanza, kisha juu ya kichwa, kisha juu ya mwili tena. Kila tundu nililikagua mimi. Baba Mkubwa alikaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo, akirudia, mikono yake mikubwa ikiwa myepesi ajabu. Baba alimshikia taa, ile ya balbu yangu. Hawakugombana mpaka kwenye bolti za mwisho.

Mama amepata meza yake. Ameisugua kutwa. Inanuka oili.

Jumapili, 5 Mei

Jua. Hakuna wingu hata moja. Sumaku amefika asubuhi na mkokoteni mtupu na kamba mpya.

"Masika yameisha," alisema kwa upole, kama anayetoa pole.

Bibi alikuwa tayari amekaa kiti cha nyuma, mkoba mapajani. Baba Mkubwa akageuza ufunguo. Gari likasema "ngr", likanyamaza. Tena, "ng", likanyamaza. Sumaku akaanza kukunjua kamba.

"Betri!" Baba Mkubwa alipiga kelele kupitia dirishani. "Ni betri tu, imelala miezi miwili! Sukumeni!"

Baba akasukuma. Mama akasukuma. Nikasukuma, mtandio shingoni, uso wazi. Gari halikusogea, tairi zilikuwa zimezama kwenye tope. Nikageuka.

"Kaka Sumaku," nikasema kwa sauti ambayo majirani waliisikia, "njoo ushike hapa!"

Alitutazama, akatazama kamba yake. "Dada, wewe unanimaliza kabisa," alisema. Akaitupa kamba mkokotenini, akaweka bega. Gari likatoka kwenye tope, likapita lango, likashika mteremko, likakohoa, likawaka. Halikutoa moshi mweupe. Oili Baba Mkubwa aliikagua kabla hatujaondoka, kisha akamwonyesha Baba kijiti, na Baba akakubali. Sumaku alivua kofia.

Nilifungua mlango wa nyuma nikakuta Baba tayari yuko humo, pembeni ya Bibi.

"Nenda mbele," Bibi alisema. "Umsemeshe dereva asisinzie."

Nikakaa mbele. Nikamsemesha. Nilianza na mama wa spea na miwani yake ya uzi, nikaenda kwenye jinsi Baba anavyoongea na pini mdomoni, nikamuuliza mbuzi wale walifika sokoni au la, nikamwambia ninavyofikiria kwenda kuomba kazi kwenye lile duka wakati nasubiri matokeo. Tulipoanza kupanda mlima Baba Mkubwa aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani.

"Mama, samahani," aliniambia. "Hebu nyamaza kidogo nisikilize injini."